Anayeutunza Wimbo

Tangu ashuke uwanja wa ndege wa Minneapolis, Bi Shufaa hakuibandua kwapani ile pochi yake nyeusi, na ndani ya pochi mlikuwa na pasipoti ya mjukuu wake, Faiza. Umi, mama wa mtoto, aliona kwa macho yake ilivyofika humo. Mumewe, Uthman, aliitoa kabatini akamkabidhi mama yake, hivi hivi, kama mtu anayempa mgeni bilauri ya maji.

"Ni mwaka mmoja tu," Uthman alisema. "Mama amesema. Ijumaa wanaondoka pamoja."

"Mama amesema. Na mimi nimesemaje?"

Uthman alikuwa ameshashika ufunguo wa gari.

Mama mkwe alikuja kumwoza binti yake, Swabra, na akaona aondoke na mjukuu pia. Sababu zake alizimwaga sebuleni kwao Hopkins bila kupunguza sauti. "Mchana wewe uko kazini unaogesha wazee wa watu, jioni uko darasani, mtoto analelewa na televisheni. Ana miaka mitano, anaelewa kila neno, ukimsemesha anakujibu Kizungu. Niachie nikamlee Mombasa, awe mtu."

Kilichomuuma Umi ni kuwa si yote yalikuwa uongo. Lakini Bi Shufaa hakuwahi kupanda gari lao asubuhi. Humo ndimo Umi alimokuwa akimlea mwanawe, njia nzima hadi kwa yaya, kwa albamu ya Bi Kuze. Ilikuwa kanda ya marehemu mama yake, leo imo kwenye simu: nyimbo saba za taarabu, kila wimbo hadithi tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna ya kadhi aliyejihukumu mwenyewe, kuna ya mke aliyeuza kitanda mumewe amekilalia. Faiza alizijua zote. Umi akizima gari kabla hadithi haijaisha, mtoto huangua kilio.

"Nyimbo za vijembe hizo," Bi Shufaa alisema alipozisikia. "Mtoto hafundwi kwa vijembe." Hata wimbo wa kwanza hakuumaliza.

Jumamosi alasiri wanawake walikusanyika kumtia Swabra hina, katika ukumbi wa chini wa ghorofa moja mtaa wa Cedar. Mapazia yalishushwa, mabuibui yakavuliwa, udi ukafukizwa kidogo kidogo kwa kuogopa king'ora cha moto. Swabra, mikono yote miwili imejaa hina, akamwita wifi yake.

"Umi, hebu tutilie Bi Kuze. Nimechoka na hizi ngoma za madisko."

Umi akaitia. Wimbo wa tatu ulipoanza, kidole chake kilikuwa juu ya simu. Angeweza kuuruka. Alimtazama mama mkwe wake akitikisa mabega kwa mdundo, pochi kwapani, akakiondoa kidole.

*Nipeni huyu nilee, nyumba yangu ina kiza,*
*Nisibakie pekee, usiku kucha nawaza.*

Bi Shufaa aliinuka. Aliinuka kwa madaha, noti juu, akatembea mwendo wa pole hadi kwenye spika, akamwangalia Umi, akaiweka noti pale juu kwa kuwa mwimbaji mwenyewe hayupo wa kupokea. Vigelegele vikakatika nusu. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Umi.

"Kuna nini?" aliuliza Vestine, Mnyarwanda anayefanya kazi na Umi, sahani ya viazi karai mapajani. "Si ametoa zawadi tu?"

"Ukitunza kwenye ubeti, umesema ubeti ule ni wako," Umi alimjibu. "Ametangaza mbele ya watu kwamba anamchukua Faiza."

"Na wewe utakaa tu?"

"Subiri. Yeye wimbo huu haujui. Na haujaisha."

Bi Shufaa alirudi kitini akijipepea, mtu aliyeshinda. Nyanya wa kwenye wimbo akamchukua mtoto. Mtoto akakonda. Akawa anakaa kizingitini. Bi Shufaa akaacha kujipepea. Kina mama waliokulia na Bi Kuze walianza kugusana viwiko, mmoja akaziba mdomo kwa mtandio. Kisha fidla zikanyamaza, ikabaki sauti peke yake.

*Mlango mnifungue, nimekuja kwa mwanangu,*
*Na yeyote atambue, uchungu wake ni wangu.*

Umi hakuwa na noti mkononi. Alijifunga leso kiunoni, akapita katikati ya ukumbi, hakwenda kwenye spika. Alikwenda moja kwa moja mbele ya mama mkwe wake akanyoosha kiganja.

"Lo!" mtu akasema nyuma. "Leo tumekula harusi!"

"Umi," Bi Shufaa alisema kwa meno, "unaniaibisha mbele ya watu?"

"Umeinuka mwenyewe, Mama. Sikukuinua. Ukishautunza wimbo, ni wako hadi mwisho."

"Kweli hiyo!" Swabra alidakia, mikono hewani. "Mama, kwenu hukufundwa kusikiliza kwanza?" Kicheko kikalipuka, na makofi yakaanza kwenda na mdundo. Wimbo ulipoelekea kumalizika, Vestine, asiyejua taarabu hata kidogo, akaifikia simu akaurudisha nyuma.

Bi Shufaa alitazama huku na huku, hakuona wa upande wake. Mabega yakamshuka. "Nyumba ina vyumba vitano, Umi," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nalala na redio."

Umi alihisi moyo ukimlainika. Mkono hakuushusha. "Najua, Mama. Kaa na sisi, miezi utakayo. Mfunde Faiza hapa, mbele yangu. Lakini mwanangu haendi."

"Huku kuna baridi."

"Tutakununulia koti."

Bi Shufaa alifungua pochi. Kiganja cha Umi alikipita kama hakukiona. Akainuka tena, polepole, kiuno kikifuata mdundo, akaenda hadi kwenye spika na kuiweka pasipoti juu ya ile noti yake, kwenye ubeti wa mama. Wanawake walipiga vigelegele mpaka hofu ya king'ora ikasahaulika.

Umi aliichukua, akaipachika kifuani ndani ya gauni. Simu yake ilikuwa ikiimba, hivyo akaazima ya Vestine, akampigia mumewe.

"Uthman? Ifute tiketi ya mtoto." Akasikiliza kidogo. "La, sikuulizi. Nakuarifu. Na mama yako anataka koti, upitie dukani ukija."