Meno ya Saa Nane

Shangazi yangu hutengeneza meno ya bandia, na kwa sababu hiyo humwona kila mtu mdomoni kwanza. Mpelekee habari ya msiba atakupa pole ya dhati, kisha atakwambia gego lako la kushoto limetoboka. Mimi ni mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta, na tangu nikiwa msichana wa shule ya msingi ananiita Injinia. Zamani jina hilo lilikuwa la kunisifu. Siku hizi inategemea kompyuta imeamkaje.

Jumamosi ile nilifika karakanani kwake saa tatu asubuhi, flashi mfukoni. Mashine ya kuchonga meno imekaa nyuma ya kioo, na kompyuta inayoiendesha iko mezani pembeni yake. Kompyuta hiyo hairuhusiwi kuonja mtandao. Muuzaji wa mashine alikataza, na siku moja walipomkaidi ilipata virusi ikalala wiki nzima. Kwa hiyo masasisho ya Windows nayapakua mimi nyumbani, nayafunga kuwa kifurushi kimoja kwa programu ya kazi hiyo, naja nacho kwenye flashi. Kompyuta za wenzake huenda sokoni zenyewe. Hii hupelekewa kikapu.

Safari hii kikapu kilikuwa na haraka. Programu ya kuchongea ilikuwa imekufa, muuzaji akaleta mpya, na hiyo mpya ikagoma kufunguka mpaka Windows isasishwe. Shangazi alinipigia Alhamisi. Kawaida yangu ni kuandaa kifurushi usiku wa kuamkia kazi, lakini Ijumaa nilijiambia kesho nayo ni siku, nikavuta shuka. Nilikiandaa asubuhi hiyohiyo, chai mkononi.

Kwenye benchi la wateja alikuwa ameketi Mwalimu, leso mdomoni. Ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la nne. Siku tatu nyuma alikuwa ameyavua meno yake, akayaweka kwenye kochi, akazima taa, akarudi akayakalia. Na saa nane mchana wa siku hiyo binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Mama wa binti alishafariki, na Mwalimu alikuwa ameahidi kusema maneno ya wazazi wote wawili. Mdomo mtupu hakuwa tayari kuufungua mbele ya wakwe. Hata mbele yetu hakuufungua. Alikuwa anaandika kwenye daftari dogo, tena kwa kalamu nyekundu, maana kuna walimu wasiostaafu.

"Mashine inachonga saa mbili," Shangazi aliniambia huku akifunga vifungo vya koti lake jeupe. "Msasa anataka saa nzima ya kung'arisha. Ikipita saa nne na nusu hatujaanza, basi tena. Umenisikia, Injinia?"

"Nusu saa tu, Shangazi. Mwambie Mwalimu aanze kukariri hotuba."

"Kakariri tangu jana," alidakia Msasa, kama tunavyomwita mng'arishaji wa Shangazi, kutoka kwenye kona yake. "Wewe ndiye tunayekusubiri uanze kusoma." Msasa ana mikono ya taratibu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mdomo wake haujui likizo.

Nilichomeka flashi nikabofya. Mstari wa kijani ulitembea vizuri hadi robo ya njia, ukasimama, ukawa mwekundu. Usakinishaji umeshindikana. Chini yake namba ndefu, na chini ya namba ushauri: hakikisha tarehe na saa ya kompyuta ni sahihi.

Nikatupa jicho pembeni ya skrini. Tarehe ilikuwa ya leo. Saa ilikuwa 3:15, asubuhi. Nikageuka kumwuliza Shangazi saa ngapi.

"Saa tatu na robo."

"Basi saa iko sawa," nilisema kwa sauti ya mtaalamu, nikaachana nayo.

Nilianza na nafasi, kwa sababu kompyuta iliyojaa haipokei mgeni. Kweli ilikuwa imejaa, na iliyojaa ndani yake ni picha za meno. Shangazi hapigi picha za harusi wala za wajukuu, anapiga picha za taya. Nilipomwambia tufute, alinitazama kama nimependekeza tuyang'oe meno yenyewe.

"Huyu nilimtengenezea akapata kazi redioni. Huyu marehemu, alizikwa nayo. Huyu alirudi kuniringia akila mahindi ya kuchoma. Nifute nani?"

Niliwahamishia wote kwenye diski ya nje, marehemu na walio hai, nikabofya tena. Robo ya njia, nyekundu, namba ileile.

Nikazima kinga ya virusi. Nyekundu. Nikanakili kifurushi kutoka kwenye flashi hadi ndani ya kompyuta, nikihisi flashi imechoka. Nyekundu. Nikafungua kwa mamlaka ya msimamizi, jambo ambalo kwa kweli nilipaswa kulifanya mwanzo, ila sikumwambia mtu. Nyekundu vilevile.

Hapo hasira zangu zikapanda, na zangu haziishi mbali. Nikamlaumu Msasa kwa vumbi lake. Nikamlaumu Shangazi kwa kuweka kikombe juu ya kompyuta, ingawa kikombe kilikuwa kitupu. Nikamlaumu muuzaji wa mashine, ambaye hakuwepo na kwa hiyo alilaumika vizuri zaidi.

"Pole, Injinia," alisema Msasa. "Ukimaliza orodha kuna paka wa jirani, hujamgusa."

Mwalimu alichana karatasi kwenye daftari, akampa Shangazi. Shangazi aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. Nilimwuliza imeandikwa nini.

"Anasema tusijisumbue. Mdogo wake atasema kwa niaba yake."

Hakuna aliyetania hapo. Mwalimu alikuwa ameinama, anaikunja leso pembe kwa pembe, kwa uangalifu mkubwa usiohitajika. Mzee wa watu alikuwa ananyang'anywa maneno yake kwa sababu mimi Ijumaa nilivuta shuka.

"Mdogo wake mwenyewe namjua," Shangazi alisema polepole. "Akishika kipaza sauti huongelea siasa. Fanya kazi, mwanangu."

Nikafungua faili ambamo programu huandika kila inachofanya. Mistari mia na ushee. Nilikuwa naishusha bila kuielewa niliposikia benchi likilia na harufu ya sabuni ya kunyolea ikaja nyuma yangu. Mwalimu alikuwa amesimama begani kwangu, kama alivyosimama darasani, na mgongo wangu ukajinyoosha wenyewe. Kalamu nyekundu ilipita juu ya bega langu ikagusa mstari mmoja kwenye skrini. Kisha akaandika daftarini na kuliweka juu ya kibodi.

*Kifurushi kimetengenezwa 7:45. Kompyuta inasema sasa ni 3:50. Mtoto amefikaje hapa kabla ya kuzaliwa?*

Nikasoma mara mbili. "Lakini Mwalimu, saa iko sawa. Sasa hivi ni saa nne kasoro dakika kumi. Si hiyo hapo, 3:50?"

Mwalimu alitikisa kichwa. Alichukua simu yangu mezani, akaiwasha, akaiegesha kwenye skrini. Simu ilisema 9:50. Kompyuta ilisema 3:50. Saa ya ukutani ilikuwa imenyoosha mshale wake mfupi kwenye kumi, na mimi asubuhi nzima sikuitazama, nilikuwa nauliza.

Akaandika maneno mawili tu: *Toa sita.*

Lilikuwa somo lake la darasa la nne. Namba zinazoonekana kwenye saa, toa sita, unapata saa tunayoitaja. Tuliimba mpaka tukaota. Na kompyuta hii mtu alikuwa ameshaitolea sita, ikawa inaonyesha saa kama tunavyoitamka, nyuma ya kompyuta nyingine zote nchini kwa saa sita kamili. Kila nilipoitazama ilinijibu nilichotaka kusikia. Vifurushi vyangu vya zamani vilikuwa vinapita kwa sababu viliandaliwa usiku wa jana yake, na mpaka asubuhi vilikuwa vimekua vya kutosha. Hiki kilikuwa kichanga cha asubuhi hiyo, na programu ikakikataa kwa haki. Nikakiri kwa sauti kwamba Ijumaa nililala bila kukiandaa.

Nikasogeza saa mbele, nikabofya. Mstari wa kijani ulifika robo, ukapita, ukafika nusu. Saa nne na dakika ishirini kompyuta ilijizima ikajiwasha, na programu ya kuchongea ikafunguka. Shangazi akaweka ndani ya mashine kipande cha plastiki ya waridi, ya kuchongewa ufizi na meno. Mashine ikaanza kunguruma, na Mwalimu akaifungua leso yake na kuipangusia macho.

Ningenyamaza ingekuwa vizuri. Sikunyamaza.

"Sasa nataka kujua," nilisema, mikono kiunoni. "Ni mjinga gani aliyerudisha hii saa nyuma?"

Msasa akaacha kung'arisha. Shangazi akaja mezani, akageuza skrini, nikaona upande wa nyuma wa skrini hiyo. Palikuwa pamebandikwa karatasi ya daftari la mistari, imekuwa ya manjano, imezungushiwa utepe wa gundi tabaka juu ya tabaka. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtoto anayebonyeza penseli.

*SAA ILIKUWA INADANGANYA. NIMEIREKEBISHA. USIGUSE. INJINIA.*

Nikakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shangazi alinunua kompyuta yake ya kwanza, akalalamika kwamba inasema saa moja wakati watu ndiyo kwanza wanakula chakula cha mchana. Nami nikainama hapo, nikatoa sita. Siku hiyo ndipo aliponipa jina.

"Lakini ile kompyuta ilishatupwa," nilisema.

"Hii ya tatu. Kila inapokuja mpya nahamisha karatasi, na namwambia anayeileta aweke saa kama mtoto wangu alivyoweka. Mafundi wawili walinicheka. Nikawaambia siku mwenyewe akisema ibadilishwe, tutabadilisha."

"Ningesema mapema, Shangazi! Si uliona naiangalia saa?"

"Uliiangalia, ukasema iko sawa. Mimi nani nimbishie Injinia?"

"Nyani haoni kundule," alisema Msasa, akarudi kwenye kazi yake akitabasamu.

Nilicheka, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka. Miaka kumi na mitano mwanamke huyu alikuwa amelinda kosa langu dhidi ya watu wanaojua kuliko mimi, kwa kuwa lilikuwa langu.

Meno yalitoka saa sita na nusu. Msasa aliyang'arisha kwa dakika hamsini bila kuongea, na hilo peke yake linastahili kuandikwa. Mwalimu aliyavaa mbele ya kioo, akayauma mara mbili, akameza mate. Kisha akaenda nyuma ya skrini, akaisoma ile karatasi kwa sauti, neno kwa neno, kila herufi mahali pake. Akatoa kalamu nyekundu, akaweka alama kubwa ya vema pembeni.

"Hesabu yako ni sahihi," alisema. "Ila usiwe unalala Ijumaa."

Akampa Shangazi mkono, akatoka mbio kama mzee anavyoweza kukimbia, akimwita dereva kwa sauti nzuri iliyojaa.

Karakana ilipotulia nilikaa tena mbele ya kompyuta. Shangazi alikuwa anajifanya anapanga vyombo. Nikahakikisha programu zote zimesakinishwa vizuri, nikafungua mahali pa saa, nikatoa sita. Halafu nikageuza skrini, na chini ya ile alama nyekundu ya vema nikaongeza mstari mmoja kwa mwandiko wangu wa sasa, ambao si mzuri kuliko ule wa zamani.

*Kifurushi kiandaliwe jana yake. USIGUSE.*