Mkate wa Ivona na Kompyuta Inayoganda

Ivona ameshauinua unga aanze kuusuka, mara akaganda kwenye kioo cha kompyuta. Mdomo wazi, jicho moja limefumba, vidole vyeupe kwa unga.

"Ivona! Mwanangu, usikande tena! Wanisikia?" Bibi Stamenka aliigonga kompyuta ubavuni, kama alivyozoea kuigonga redio. Kimya.

Kompyuta yenyewe mpya kabisa, kaletewa na mwanawe Miloje anayeishi Melbourne. Kesho ni sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, na tangu baba yake afariki, mwenye sikukuu sasa ni Miloje. Mkate wa sikukuu haununuliwi dukani. Husukwa na mke wa nyumba, na mke wa nyumba ni Ivona, ambaye hajawahi kuoka hata biskuti. Stamenka aliapa kumfundisha kidole kwa kidole, toka hapa mjini Niš. Mkate ukiharibika, jamaa wote wa kule watasema amemwacha mkwe wake mikono mitupu.

Zagorka, jirani wa ukuta mmoja, akaingia bila hodi na kikombe chake cha kahawa.

"Imeganda tena?"

"Imeganda. Mtoto wa watu kabaki mdomo wazi kama samaki."

Walikuwa wamejaribu kila kitu. Waliizima wakaiwasha. Wakaichaji mpaka ikajaa. Kisanduku cha intaneti wakakitoa nyuma ya kabati. Kijana wa dukani naye aliwaelekeza kwa simu, wakabonyeza alipowaambia. Wapi! Mara itakwenda vizuri hadi kahawa iishe, mara itaganda salamu hazijaisha. Lakini Jumapili, nyumbani kwa Zagorka, ilikwenda mchana kutwa bila kusita.

"Inanipenda mimi," alisema Zagorka. "Hapa inachoshwa na maneno yako."

"Ikupende wewe? Hata paka wako kahamia kwangu!"

Zagorka alicheka, kisha akatua kikombe. "Hebu, dada, tusitaniane. Kwangu niliiweka wapi?"

"Juu ya meza tupu, haina hata kitambaa. Niliona haya kwa niaba yako."

Zagorka akaitazama kompyuta. Hapa ilikalia vitambaa vitatu vya kufuma, vimetiwa wanga vikakauka kwa heshima. Na ubavuni ilikuwa imezibwa kwa shali la sufu.

"Na hili shali?"

"Pale panatoka upepo, unanipiga shingoni. Umesahau dirisha la basi lilivyonikaza shingo, nikawa nageuka mwili mzima kama bundi?"

"La, kwa upepo umesema kweli," alisema Zagorka, kwani naye, kwa kuogopa upepo upitao, hafungui madirisha mawili kwa pamoja hata wakati wa joto. Akapenyeza mkono chini ya kompyuta, akauchomoa upesi. "Uwii! Hapa yai linaiva! Stamenka, ule si upepo, ni pumzi yake! Umemfunika mwenzio mto usoni!"

Stamenka alishika kiuno. Shingo yake upande huu, mkate wa ukoo upande ule. Akalivuta shali. Akavitoa vitambaa kimoja kimoja, akavikunja polepole. Zagorka akaizima, wakaiacha ipoe, kisha wakaipandisha juu ya miiko miwili ya mbao, chini kupitishe hewa. Ilipowashwa ikatoa pumzi ndefu, na wote wawili wakainamia pembeni kukwepa.

"Mama!" Ivona alitokea, amesimama palepale. "Sijaugusa. Nilisema nikusubiri."

Moyo wa Stamenka ukatua. "Mwerevu wangu! Haya, kata mapande matatu. La kulia lipite juu. Siyo hivyo, unasuka kamba ya mbuzi? Taratibu. Hapo!"

Mkate ukasukwa, ukazungushwa. Juu akakaa njiwa wa unga, macho yake pilipili manga. Mdomo ulikuwa mkubwa mno.

"Anafanana na Zagorka," alisema Stamenka.

"Basi mkate utakuwa mzuri," alijibu Zagorka.

Mkate ukaingia tanurini, ukapanda, ukawa wa dhahabu, na kompyuta haikuganda hata mara moja. Miloje akaja kuunusa, akamkumbatia mkewe mgongoni, akajipaka unga.

Ivona akasogea karibu na kioo. "Mama, mbona umejifunga shali mpaka masikioni?"

"Kuna upepo, mwanangu."

Ivona aligeuka, akaenda kufunga dirisha la jikoni kwake, kule Melbourne.

"Sasa je?"

Stamenka akajishika shingo. "Eeh," alisema, "sasa nafuu."