Mshumaa Usio na Jina

"Pumzika kwa amani, dada Coleta."

Coleta aliisogelea skrini. Alidhani amesoma vibaya. Akashuka chini kidogo kwenye maoni, na maneno yakawa yale yale kwa mikono tofauti. "Mungu ailaze roho yako mahali pema." "Nilikuwa nafungua ukurasa huu kila Ijumaa kabla hata ya chai. Sasa nafungua wa nini." Na mwisho kabisa, kutoka kwa mtu aliyemjua kwa jina tu kwa sababu hakukosa wiki hata moja: "Jumapili iliyopita hapa Mtwara tulikuombea misa. Padre alilitamka jina lako vizuri. Ni mimi Isdori, mzaliwa wa Pito."

"Da Coleta," Steven alisema nyuma yake, "kumbe ulishakufa na hukutuambia."

Alicheka peke yake. Kisha akayaona mabega ya Coleta, akaenda kurekebisha kiti ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Chumba hicho cha intaneti, pale Majengo mjini Sumbawanga, zamani kilikuwa duka la ushirika. Chini ya rangi mpya ya bluu, juu ya mlango, herufi za zamani zilikuwa bado zinaonekana kwa mbali, na watu wazima walikumbuka kupanga foleni ya sukari na sabuni mahali pale pale ambapo Steven alikuwa amepanga mashine zake. Coleta alifanya kazi mlango wa tatu kutoka hapo, kwenye steshenari. Kutwa alipiga chapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini. Ijumaa mchana, wenzake wakienda kula, yeye alikuja kwa Steven kuandika vyake.

Juu kabisa ya blogu yake palikuwa na maneno haya: Habari za Nyumbani, na Coleta wa Pito. Chini yake aliweka kila kitu ambacho mtu wa Ufipa aliye mbali angependa kukijua. Barabara ya kwenda Mbeya imekatika wapi. Ulezi umefika bei gani. Wingu limekaa upande upi wa milima ya Lyamba lya Mfipa. Na mtu alipofariki, aliweka picha ya mshumaa unaowaka, na chini ya mshumaa jina, kijiji na siku ya maziko. Wasomaji walizoea. Wakiuona mshumaa walishuka haraka kutazama ni nani.

Mama yake alifariki wakati wa Kwaresima. Coleta alikuja kutoka matangani, miguu bado ina tope la Pito, akaketi kwenye kiti hiki hiki, akaweka mshumaa. Jina likakataa. Vidole vilivyokuwa vimepiga majina ya marehemu wa watu kwa miaka, vilikaa juu ya vitufe bila kushuka. Akainuka, akaondoka, akijiambia atalimalizia kesho. Kesho ikawa Pasaka, Pasaka ikawa mavuno, mavuno yakawa kiangazi na vumbi lake. Sasa ilikuwa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshapiga mabati.

Muda wote huo mshumaa ulikuwa umebaki pale, na ukurasa mzima ulikuwa na jina moja tu juu yake.

"Wanaoingia ni wangapi siku hizi?" aliuliza.

Steven aliinama akaitazama kaunta ya wasomaji chini ya ukurasa. Zamani namba zile zilikuwa zinapanda kama maziwa jikoni. "Jana watatu," alisema. "Lakini mmoja ni mimi, nilikuwa najaribu mtandao."

Coleta aliandika mistari miwili. Mimi Coleta ni mzima. Nilikuwa na msiba, nimerudi. Akabonyeza, akalipa, akarudi kwenye kazi yake.

Ijumaa iliyofuata majibu yalikuwepo. Mtu mmoja alimtaka mwizi aliyeiba ukurasa wa marehemu amwogope Mungu. Mwingine alikuwa ameandika: "Sumbawanga hiyo, jamani. Hata aliyezikwa anaingia intaneti." Hilo Coleta alilicheka, kwa mara ya kwanza katika chumba kile tangu Kwaresima. Lakini Isdori hakuwa na utani. "Namjua Coleta kwa maandishi," aliandika. "Hajawahi kutuandikia mistari miwili. Wewe uliyeshika ukurasa huu, kama ni yeye kweli, andika kama alivyokuwa anaandika. Kama huwezi, uzime, tubaki na yale ya zamani."

Alisoma mara ya pili. Huyo mtu wa Mtwara alikuwa amegusa mahali penyewe bila kujua.

Maana maandishi yale hayakuwa yake peke yake. Kila Alhamisi jioni alikuwa anakwenda kijijini Pito, anakaa na mama yake wakipukuchua maharage, na mama anasema. Alisema kwa Kifipa, polepole, kama anayezungumza na maharage. Aliwahi kusema kwamba basi la Mbeya limeleta kuku wengi kuliko watu, na walioshuka bila kulalamika ni kuku. Aliwahi kusema kwamba mvua ya mwaka ule imekuja kama mgeni aliyekuja kuazima kitu, haikai. Coleta aliyabeba maneno hayo hadi Majengo, akayageuza kuwa Kiswahili, na watu wa mbali wakaandika kwamba wamecheka hadi wenzao kazini wamewatazama. Sasa maharage yalikuwa hayana wa kuyazungumzisha.

"Ushauri wangu, dada," Steven alisema, "jina hili limekufa. Tufungue lingine. Weka mpira, weka warembo, weka wasanii. Mwezi mmoja tu, kaunta inapanda. Habari za misiba na ulezi, nani anataka?"

"Walikuwa wanataka."

"Walikuwa. Watu wakikukosa wanahama, da Coleta. Mimi mwenyewe mashine zikizimika siku mbili, wateja naanza kuwatafuta barabarani."

"Basi nami nitawatafuta," alisema. "Lakini kwa jina hili hili."

Jumamosi alikwenda Pito.

Alifika akamkuta kaka yake Yonas amesimama kando ya shamba la mama, na ng'ombe wawili wa Maganga wamefungwa nira tayari. Maganga alikuwa amehamia huku na familia yake na mifugo yake kutoka Usukumani, na miaka hii nusu ya Pito ilikodi ng'ombe wake kulima. Mbele yao shamba lilikuwa limejaa ntumba, vile vichuguu vya mviringo ambavyo Wafipa huvifanya mvua zikiwa bado nzito: unalaza nyasi, unazifunika kwa udongo, unapanda maharage juu. Maharage yanavunwa, nyasi zinabaki ndani zinaoza. Mvua nyingine zikianza unakivunja kila kichuguu kwa jembe, unautandaza ule udongo, unasia ulezi. Ntumba hizi mama alizifanya mwenyewe. Ilikuwa kazi yake ya mwisho.

"Shikamoo kaka. Shikamoo mzee Maganga."

"Marahaba, binti," Maganga alisema. "Ng'ombe wangu wanauliza, leo tunalima au tuna kikao?"

"Kaka, niachie hizi nizivunje kwa mkono."

Yonas alimtazama kama mtu aliyeombwa aende Mbeya kwa miguu. "Zote? Coleta, siku hizi nani anavunja ntumba? Maganga anamaliza kabla ya mchana. Mama alikuwa anafanya hivi kwa sababu hakuwa na fedha ya kukodi ng'ombe."

"Alikuwa nayo. Wewe ulimpa. Akanunua jembe."

Maganga alicheka hadi akashika nira. Yonas naye alitaka kukasirika, ikashindikana. "Anza upande huo," alisema. "Utakapochoka, ng'ombe wataingia. Mimi nataka mbegu iingie ardhini kabla mvua haijabadili mawazo."

Coleta alifunga kanga kiunoni. Jembe lilikuwa lile lile, mpini umelainika mahali mikono ya mama ilipokaa, na mikono yake ikajikuta inakaa hapo hapo. Kichuguu cha kwanza kilikuwa kigumu kwa juu. Pigo la tatu kikafunguka. Ndani hapakuwa na nyasi tena. Palikuwa na udongo mweusi, laini, wenye joto kidogo, na harufu ya mvua ya zamani. Akautandaza, akahamia kinachofuata.

Maganga alikuwa ameketi kivulini mwa ng'ombe wake. "Nyinyi Wafipa mnanishangaza," alisema. "Nyasi mbichi, nzuri, mnazizika. Kwetu nyasi anapewa ng'ombe."

"Na sisi tunashangaa, mzee. Mtu analisha mnyama, halafu anamfuata nyuma kutwa nzima."

"Ni kweli, ananipeleka yeye," Maganga alisema bila kukasirika. "Mama yako aliniambia hivyo hivyo. Alisema, Maganga, kati yako na huyu dume, ni nani amefungwa kamba?"

Jembe la Coleta lilisimama hewani.

"Alisema lini?"

"Alikuwa anasema kila nikipita. Nilikuwa napita hapa kwa makusudi, nisikie leo ataninanga vipi. Mke wangu mpaka leo ananiita dume la kamba."

Coleta alicheka, na kicheko kikamtoa machozi, na yeye akaendelea kulima vile vile. Jua lilipanda. Mikono ilianza kuchubuka. Alipofika katikati ya shamba alisikia jembe la pili nyuma yake. Alikuwa Yonas. Alivunja kichuguu kimoja, kisha kingine, na kwenye cha tatu akasimama akakitazama.

"Hiki alikifanya siku ile ya mvua ya mawe," alisema. "Nilimwita aingie ndani, akakataa. Akasema mawe yatayeyuka, lakini nyasi zikikauka atazilaza nani."

"Sema tena."

"Nini?"

"Alivyosema. Kwa Kifipa, kama alivyosema yeye."

Yonas alirudia. Coleta aliyasogeza midomoni maneno hayo taratibu, akiyatafutia Kiswahili chake, kama zamani. Jioni ilipofika, sehemu iliyobaki ilikuwa ndogo, na Maganga alisema ng'ombe wake wameshaona aibu, hawataki tena kuingia. Akawaswaga kurudi nyumbani, akiwafuata kwa nyuma.

Ijumaa, kwa Steven, Coleta hakuanza na habari mpya. Alirudi nyuma hadi kwenye mshumaa wa Kwaresima, akaweka kidole chini yake. Angela wa Pito, aliandika. Mama yangu. Alizikwa Pito, Jumatano, mvua ikinyesha. Safari hii vidole havikukataa. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika kuhusu shamba. Aliandika udongo ulivyo ndani ya kichuguu kilichoachwa tangu Kwaresima. Aliandika juu ya Maganga na dume lake, na mawe ya mvua, na kaka aliyekuja na jembe bila kuitwa. Aliandika kwamba yote waliyokuwa wakiyasoma yalikuwa ya mama, kwamba sasa atakuwa akiyaokota kwa watu mmoja mmoja, na kwamba ataandika kila Ijumaa, hata kama msomaji atakuwa ni Steven anayejaribu mtandao.

"Umenitaja," Steven alisema.

"Nimekutaja. Sasa niondolee hiyo kaunta pale chini."

"Dada, kaunta ndiyo..."

"Iondoe, mdogo wangu."

Aliiondoa.

Ijumaa iliyofuata aliamkia Pito, akamalizia kusia ulezi na wifi yake asubuhi, akapanda baiskeli ya abiria moja kwa moja hadi Majengo. Ijumaa ile maoni yalikuwa machache. Mtu mmoja aliuliza kama barabara ya Kasanga inapitika. Mwingine alitoa pole kwa msiba, akaongeza kwamba yeye bado hana uhakika anampa pole aliye hai au la. La mwisho lilikuwa la Isdori.

"Dada Coleta. Mama yangu naye alifanya ntumba. Udongo ule ninaujua, ni wewe. Pole kwa mama. Ila nina swali moja linanisumbua, hata mke wangu ananicheka. Ile misa tuliyokuombea wewe, imekwenda wapi?"

Coleta aliinua macho kutoka kwenye skrini. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, matone makubwa makubwa juu ya bati la duka la zamani la ushirika, na mwanamke mmoja alikuwa anakimbia na beseni la dagaa kichwani, akicheka na mtu asiyeonekana.

"Ilikuwa ya mama," aliandika. "Lilikosewa jina tu. Ilimfika."

Kisha akashuka mstari mmoja, akaanza: Barabara ya Kasanga inapitika, lakini usije na viatu vyeupe.

Alipomaliza akainuka, akajitanda kanga, akatoka kwenye mvua. Steven alikuja na kitambaa kufuta mashine kwa ajili ya mteja anayefuata. Juu ya vitufe, mahali vidole vya Coleta vilipokuwa vimepita, palikuwa na alama ndogo ndogo za udongo mweusi. Alikishika kitambaa mkononi kwa muda. Kisha akamwelekeza mteja kwenye mashine ya pembeni.