Vumbi la Dirisha Lililofungwa

Asubuhi jua huingia katika chumba cha fundi kwa dirisha moja tu, na likiingia haliji peke yake. Huja na vumbi. Vumbi la pamba, vumbi la chaki, nyuzinyuzi zilizoachwa na mkasi. Vyote vinapanda, vyote vinashuka, polepole, ndani ya mwale mmoja, kana kwamba navyo vimekuja kupimwa nguo na vinangoja zamu.

Fundi alilipenda vumbi hilo. Wenzake wa mtaani hulifagia wakinuna, yeye hulitazama akiwa na pini midomoni na mguu juu ya cherehani, naye hutabasamu kwa upande mmoja, ule usio na pini. Dirisha likiwa halina vumbi, alijua wateja wamepungua. Likijaa, alijua kazi ipo. Ni vumbi tu, husema, likimwingia mtu machoni. Ni vumbi tu, pangusa, tuendelee.

Alikuwa na mtindo wake wa kushona, na wateja walimfuata kwa ajili ya huo. Katika kila gauni la mwanamke aliacha kitambaa cha akiba, kimekunjwa ndani ya mshono wa ubavuni, hata kama mwenye gauni hakuomba. Mwili wa mwanamke haukuweka mkataba na futi yangu, alisema. Leo umejaa, kesho umepungua, keshokutwa umebeba mtu. Nguo yake lazima ijue kusogea.

Na futi humwambia mambo. Humwambia kabla mume hajajua, kabla mama mzazi hajashuku. Mwanamke husimama ameinua mikono, futi humzunguka kiunoni, na fundi hunyamaza. Hakumwumbua mtu hata siku moja. Huuliza tu, kwa sauti ya chini, "Hapa nikuachie zaidi?" Mteja hutazama sakafuni, kisha husema, "Niachie."

Ila fundi mwenyewe, nani alimpima? Hakuna. Futi ilining'inia shingoni mwake mchana kutwa na haikuzunguka kiuno chake hata mara moja. Alipoona gauni linambana alingoja chumba kikae kimya, akachukua wembe, akafumua mshono wake wa ubavuni, akautoa nje kidogo, akaushona upya. Baada ya muda akaufumua tena.

Wifi yake alimwona. Asimwone vipi, na wanafanya kazi chumba kimoja, yeye kwenye cherehani na wifi kwenye meza ya pasi? Huyo wifi ni dada wa mumewe, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi, ambaye hajui kushona hata kifungo lakini kola akiinyoosha inasimama wima.

"Wifi," alisema siku moja, macho kwenye pasi, "hilo gauni linanenepa, au ni wewe?"

"Ni gauni."

"Aha. Basi lipunguzie wali."

Wakacheka wote wawili, na baada ya kicheko wifi hakuuliza zaidi. Alijua. Alijua pia kwa nini haisemwi.

Maana kulikuwa na mimba ya kwanza. Ile ilisemwa, ilishangiliwa, ilishonewa. Fundi alishona vikofia, alishona visoksi, alishona blanketi lenye pindo la rangi ya limau, akavipanga kwenye sanduku na kuvifungua kila jioni kuvitazama. Alikwenda kliniki, akakaa kwenye benchi na wenzake, akapanda kitandani, na mkunga akamwekea kipembe tumboni, kile kipembe cha mbao cha kusikilizia. Akasikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza. Akakihamisha tena. Kipembe kilizunguka tumbo zima kama mgeni aliyeelekezwa nyumba vibaya, anabisha mlango huu, anabisha ule, na hakuna anayemwitikia.

Vile vikofia alivigawa. Kwa nani, hajawahi kusema.

Kwa hiyo safari hii alikula kiapo na moyo wake. Asishone hata uzi. Asiseme hata neno. Kliniki alikwenda mara moja tu, mwanzoni, akapewa kadi, akaiweka chini ya boksi la chaki na hakurudi tena. Watu wangesema ni uzembe. Haukuwa uzembe. Alikuwa anaogopa. Aliogopa lile benchi, aliogopa kile kitanda, na kuliko vyote aliogopa kile kipembe kianze tena kuhamahama. Alijiambia kwamba kama hakuna mtu wa kumsikiliza tumbo, basi hakuna mtu wa kumletea habari. Akatia pamba masikioni, akashona nguo za watu.

Mtoto alicheza. Alicheza cherehani ikikimbia, akatulia cherehani ikisimama. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya fundi, na aliila peke yake.

Kisha kastabani ikakataa kidole. Kastabani yake ya miaka yote, ya chuma, iliyochakaa ncha kwa kusukuma sindano. Aliivaa kidole cha kati ikagoma, akaihamishia kidole cha mwisho. Iliniponyoka siku moja ikapigwa na kitu, alisema, imebonyea. Pete ya ndoa akaitoa kwa sabuni. Viatu akaviweka kando, akavaa ndara za mumewe, dereva wa malori ambaye siku nyingi yuko barabarani. Kichwa kikaanza kumgonga, juu ya macho, na hakikusikia dawa. Ni kelele za cherehani, alisema.

Na vumbi likaongezeka.

Lilikuwa vumbi jipya, zuri kuliko lile la zamani. Lilimeta. Lilikuja kwa chembechembe za fedha pembeni mwa jicho, likaelea juu ya kitambaa, likatawanyika alipolifukuza, likarudi. Alipangusa kitambaa. Alipangusa meza. Akaosha uso, akarudi kiti chake, akalikuta linamngoja. Ni vumbi tu, alisema, akafinya macho, akatunga uzi kwenye sindano mara ya tatu. Ni vumbi tu, pangusa, tuendelee.

Ewe vumbi la dirishani, wewe hukuwa na kosa. Ulisingiziwa. Na wapo wanawake waliopangusa kama yeye, kwenye meza za shule, kwenye masoko, majikoni, wakaambiwa ni uchovu, wakaambiwa ni jua, wakaambiwa wamerogwa, mpaka wakaanguka na kutupa mikono na miguu mbele ya watu wasiojua wafanye nini. Hawa hawakurudi kusimulia. Inauma kuwakumbuka, na wakumbukwe.

Mchana mmoja upepo ulivuma. Ulibeba taka za mtaa mzima, mchanga na mifuko na majani, na katikati ya chumba lilikuwa limetundikwa gauni la bibi harusi, jeupe, limebakiza pindo. Wifi aliruka kutoka kwenye meza ya pasi. Akafunga dirisha, ubao juu ya ubao, akafunga mlango, akachomeka tambara chini yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Chumba kikawa na kiza, kiza cha mchana, cha kumwona mtu bila kumwona uso.

Fundi aliendelea kupangusa lile gauni jeupe. Alipangusa bega, alipangusa kifua, akapunga mkono hewani mbele yake.

"Wifi, bado linaingia," alisema.

"Nini kinaingia?"

"Vumbi. Ona linavyong'aa. Litaharibu nguo ya watu."

Wifi alitazama dirisha. Alitazama mlango. Akausogelea ule mkono unaopunga, akauona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyovimba, vidole vimejaa kama vya mtoto mchanga. Mzaha wote ukamkauka mdomoni.

"Wifi," alisema polepole, "nimefunga dirisha. Humu hamna mwanga. Vumbi unalionaje?"

Mkono wa fundi ulibaki hewani. Aligeuka kutazama dirisha, akaona mbao zimefungwa, na mbele ya zile mbao, gizani, vumbi lake lilikuwa linacheza. Aliyafumba macho. Lilikuwepo hata ndani ya macho yaliyofumbwa.

"Twende," wifi alisema.

"Na gauni la watu? Bado pindo."

"Bibi harusi ana siku zake. Wewe huna. Twende."

Waliiacha sindano ikining'inia kwa uzi wake. Wifi alichukua ile kadi chini ya boksi la chaki, maana alijua ilipo siku zote, akamshika mkono, wakatoka ndani ya upepo.

Mkunga waliyemkuta kliniki alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimfunga fundi mkanda wa presha mkononi, mkanda ukajaa, ukambana, ukalegea. Uso wa mkunga haukubadilika, ila aliufunga mkanda upya na kupima tena, na fundi, ambaye maisha yake yote ni kupima watu, alijua maana ya mtu kupima mara mbili.

"Kichwa kinauma, mama?"

"Kinauma."

"Unaona kama vimulimuli?"

"Nilidhani ni vumbi."

Mkunga aliketi pembeni ya kitanda. Hakumgombeza. Angemgombeza, pengine fundi angejikaza. Kwa kuwa hakumgombeza, machozi yalimtoka.

"Presha yako imepanda sana," mkunga alisema. "Hii ndiyo huleta kifafa cha mimba. Tutakuchoma sindano sasa hivi ya kukukinga, lakini tiba yenyewe ni mtoto atoke. Leo."

"Hajafika miezi yake."

"Hajafika. Lakini hapo ndani hapamfai tena, na tukingoja tunaweza kukukosa wewe pia."

Fundi alilala ubavu wa kushoto kama alivyoambiwa. Alitaka kuuliza jambo moja, lile alilolikimbia miezi yote, na midomo ilikuwa mizito kana kwamba bado ina pini.

"Yupo?"

Mkunga akachukua kipembe. Kilikuwa cha mbao, kama kile. Akakiweka tumboni, akainamisha sikio, akafumba macho. Wifi alishika kona ya shuka. Fundi alitazama mkono ulioshika kipembe na hakutazama kitu kingine duniani. Ngoja kihame, alijiambia. Sasa kitahama.

Hakikuhama. Kilikaa palepale, na sikio la mkunga likakaa palepale, na kidole cha mkono wake mwingine kikaanza kugonga shuka, haraka haraka, kama cherehani iliyopata kitambaa chepesi.

"Yupo," mkunga alisema. "Amejaa tele."

Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama. Wa kike, mdogo wa kutoshea viganjani, na kilio chake kilikuwa chembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Lakini alilia. Mama yake alikuwa hajavuka bado. Presha hiyo haina adabu, mkunga alisema, humfuata mtu hata baada ya kujifungua. Kwa hiyo wifi alikaa. Alimpigia kaka yake simu akamwambia aegeshe lori na apande chochote kinachorudi nyumbani. Kisha akakaa, akihesabu pumzi za wifi yake na kusahau alipofikia, akianza upya.

Na mtoto hakuwa na nguo. Hata moja. Binti wa fundi cherehani, na hana hata kikofia.

Wifi alilichukua gauni ambalo fundi alikuja nalo. Aliligeuza ndani nje, akapapasa ubavuni, akaukuta mshono. Ndani yake bado kulikuwa na kitambaa cha akiba. Hakikuwa kimeisha, maana mtoto hakungoja gauni lifike mwisho. Kile kilichobaki kilikuwa cha zile wiki ambazo alipaswa kuwa tumboni. Wifi aliazima mkasi na sindano kwa wauguzi. Yeye asiyejua kushona kifungo alikata, akashona, akajichoma, akashona tena.

Fundi alipofumbua macho, mtoto alikuwa kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, amefungwa shuka. Kichwani alikuwa na kikofia cha kitambaa anachokijua. Mshono ulikwenda kombo, pindo lilikuwa refu huku na fupi kule. Mwanafunzi yeyote wa ushonaji angerudishiwa kazi kama ile.

"Usiseme kitu," wifi alimwonya.

Fundi alikishika kile kikofia kwa vidole vilivyoanza kunywea, akalia, na wifi akalia, na mtoto akalala.

Sasa wamerudi chumbani. Mtoto hubebwa kifuani kwa zamu, mama akikata nguo yuko kwa shangazi yake, shangazi akishika pasi yuko kwa mama. Kastabani imerudi kidole cha kati. Bibi harusi alikwisha kuolewa, pindo lake likiwa limebanwa kwa pini, na inasemekana hakuna aliyeligundua.

Juzi aliingia mwalimu wa shule ya jirani, kijana, akataka gauni lake la kazi litanuliwe kidogo. Fundi alimzungusha futi kiunoni, na futi ikamwambia. Zamani angenyamaza.

"Wifi," alisema, "funga dirisha."

Wifi akafunga, ubao juu ya ubao. Kiza kikaingia. Mwalimu alisimama ameinua mikono, hajui kinachoendelea.

"Tazama huku mbele yako," fundi alimwambia. "Unaona vumbi?"

"Sioni kitu."

"Tazama vizuri. Hata kitu kinachometameta?"

"Sioni kitu, dada. Ni giza tu."

"Kichwa je? Vidole havijavimba? Na kliniki, unakwenda?"

Mwalimu alichelewa kujibu hilo la mwisho. Fundi aliikunja futi, akaivaa shingoni, akamshika mkono.

"Nakwenda kesho na huyu wangu," alisema. "Tutakaa benchi moja."

Gizani, mwalimu akaitikia, "Haya."

Fundi naye alitazama kile kiza, kama anavyokitazama kila siku tangu arudi. Alikitazama kwa makini, kona hadi kona. Hapakuwa na kitu.

"Fungua," alisema.

Wifi akafungua, na jua likaingia na vumbi lake lote, la pamba na la chaki, likapanda, likashuka, likatua juu ya kikofia cha mshono wa kombo. Mtoto alipiga chafya.

"Ni vumbi tu," mama yake alisema, akampangusa.