Tulimwimbia Mwizi

Mume wangu ana sikio moja. Kichwani yako mawili, tena makubwa ya kutosha, lakini la kulia lilikufa zamani bila kuaga, na la kushoto likabaki kufanya kazi zote. Kwa sikio hilo moja akawa anafundisha kwaya. Kwaya yetu haisomi noti. Wengi wetu hatujui hata noti inashikwa juu au chini. Mwalimu, ndivyo anavyoitwa hata na mimi mkewe, anaimba mstari, sisi tunaurudia, akisikia kasoro anamnyooshea kidole mkosaji, kisha anaimba tena. Hakuna anayeandika kitu. Wimbo ukikuingia kwa njia hiyo hautoki, hata ukiuomba.

Mazoezi tunafanyia kwenye karakana yangu ya ushonaji. Jumamosi mchana nasukuma vyerehani ukutani, nafagia vipande vya vitambaa, naficha mikasi kwa sababu wasoprano wana tabia ya kuondoka nayo, na watu wanajipanga kuizunguka meza ya kukatia.

Daktari wa masikio alituambia, huku akiandika na bila kututazama, kwamba ndani ya sikio la kushoto kuna kimfupa kilichokakamaa. Kinaweza kutolewa, kikawekwa cha bandia, na Mwalimu akasikia vizuri. Ila tusikawie. Tukikawia, mshipa wa kusikia nao utakufa, na hapo hata kichwa kizima kikifunguliwa hakutakuwa na cha kutengeneza. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba ana sauti nzuri ya tenori na anakaribishwa Jumamosi.

Kwaya ikakaa kikao. Ikaamuliwa kwamba malipo yote ya harusi na hafla yawekwe kwa ajili ya sikio la Mwalimu. Haukuwa upendo mtupu. Bila sikio lile sisi ni majirani tu wenye sare.

Shida ikawa nani atazishika hizo fedha. Mweka hazina wetu wa kwanza alikuwa mtu wa sala, na alikula fedha za sare. Wa pili hakuwa mtu wa sala, naye akala. Tulipoanza kutazamana kutafuta wa tatu, akasimama shemeji yangu, mdogo wake Mwalimu, fundi simu. Mtaa mzima unamwita Nywila, kwa sababu kila wiki anabadilisha nywila za simu yake na kila wiki anazisahau.

"Zipo fedha zisizohitaji mweka hazina," akasema. "Sarafu za mtandaoni. Zinakaa kwenye pochi ambayo haiko mahali popote. Benki haiijui, mwizi haijui."

"Na sisi tutaijua?" nikamuuliza.

"Sisi, shemeji, tutakuwa na maneno kumi na mawili. Mwenye maneno ndiye mwenye pochi. Basi, hakuna lingine."

Maneno yenyewe yalichaguliwa na mashine, ya lugha ya kigeni, hayana undugu wowote. Ukiyatafsiri ni vitu kama ngazi, mjomba, ukungu, kijiko. Nywila alitutolea masharti kama mganga. Tusiyaandike kwenye karatasi, karatasi inaibwa. Tusiyapige picha. Tusiyaweke kwenye simu, na hilo alilisema kwa uchungu wa mtu anayejua yaliyomo kwenye simu za watu.

"Yakae kichwani. Tena tuyagawe. Soprano matatu, alto matatu, tenori matatu, besi matatu. Hapo hata mtu akitaka kula, atakula na nani?"

Nilimsifu. Nakiri kwamba siku ile nilimwona shemeji yangu amesoma.

Sasa, Mwalimu hawezi kukumbuka kitu asichokiimba. Hata namba yangu ya simu ina tuni yake. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata akaja na wimbo. Na ulikuwa mtamu! Inaniuma kusema, lakini katika maisha yake yote hajatunga kitu kinachoukaribia. Soprano waliingia na ngazi yao polepole, kama mtu anapanda kweli, sisi alto tukapokea na kijiko, tenori wakaujaza moyo, besi wakafunga. Sauti nne zikaimba ndani ya chumba kimoja, na hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini kila mtu sasa anayajua maneno yote. Nywila alikuwepo, ameegemea mlango, anafuta machozi.

"Ulinzi wa hali ya juu," akasema.

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ni besi. Wanaongozwa na muuza mkaa mwenye kifua kipana, jina lake la utani Ngurumo, na wote huimba midomo imefungwa kana kwamba wanatozwa kodi kwa kila neno. "Fungueni midomo!" Mwalimu amewapigia kelele hiyo miaka nenda rudi. Maneno yao matatu yalisikika kama lori linalopita barabara ya pili. Leo nasema bila aibu kwamba uvivu wa besi ndio uliokuwa ulinzi wetu pekee.

Tukaimba, fedha zikaingia, Nywila akazigeuza sarafu na kutuonyesha zinavyopanda. Hospitali wakatupangia tarehe ya upasuaji. Mwalimu akaanza kutania kwamba akishatengenezwa atasikia hata wanaoimba uongo moyoni.

Kabla ya tarehe hiyo ikaja harusi ya binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ukumbi ulijaa, tuliimba nyimbo zetu zote zikaisha, na watu wakawa bado wanapiga meza wakitaka nyingine. Mwalimu akisikia makofi huwa si mtu wa kushikwa. Akapandisha mkono, akatoa sauti ya kuanzia. Niliitambua sauti ile: ni ya wimbo wa pochi. Nikamtazama kiongozi wa soprano, naye akanitazama, macho yametutoka wote wawili. Lakini katika kwaya yetu mkono wa Mwalimu ukipanda huulizi. Mdomo unafunguka wenyewe. Soprano wakaingia, na ilipofika zamu ya alto nikaimba na mimi, tena kwa kujituma.

Bibi mmoja alilia. Mjomba wa bwana harusi, anayeijua ile lugha nusunusu, alidhani ametungiwa yeye, akaja mbele kututuza.

"Umeimba pochi!" nikamwambia Mwalimu tulipofika nyumbani.

"Nani anajua kwamba ni pochi? Wao wamesikia wimbo. Hukuwaona walivyolia?"

Mpiga video wa harusi akaurusha mtandaoni. Siku chache tu, watu ambao hatutawaona maishani wakawa wanauimba wakipika na kuoga. Mwalimu alihamia kwenye simu. Alikuwa anavaa miwani, anakaa kwenye kiti changu cha wateja, anasoma maoni moja moja na kunisomea kwa sauti nisipoyataka. Mmoja kati ya wapenzi hao wa muziki alikuwa na adabu kuliko wote. Aliandika kwamba wimbo umemgusa, anataka kuufundisha kwaya ya kwao, maneno yote ameyapata isipokuwa yale ya mwisho, yanayoimbwa na besi, hayasikiki. Je, Mwalimu anaweza kumsaidia?

Miaka nenda rudi mume wangu alikuwa amelia peke yake kuhusu besi. Leo amepata mtu anayemwelewa.

Nilikuwa napima gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni. Nikamsikia anasoma anachoandika: "Ndugu mpenzi wa muziki, umesema kweli kabisa. Tunaomba radhi kwa niaba ya besi, bado wanajifunza kufungua midomo. Maneno yao ni haya." Nikaanza kutema pini. Nilipomaliza kuzitema, alikuwa ameshatuma.

"Umefanya nini?"

"Ni maneno matatu tu! Nywila mwenyewe alisema matatu hayafungui kitu."

"Na yale tisa yako wapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, soprano, alto, tenori. Alipofika kidole cha tatu, akakaa chini.

Nilimwacha mteja amevaa nusu gauni, tukakimbia kwa Nywila. Kibanda chake kimejaa simu zilizopasuliwa matumbo na wateja wanaodai zao. Alitusikiliza, akaiweka chini simu ya mteja. Akasema bado tuna nafasi: mwizi akiwa hajaamka, yeye atafungua pochi na kuzihamishia sarafu kwenye nyingine. Akachukua simu yake ya kazi hiyo. Akaikodolea macho.

"Fungua basi," nikamwambia.

"Nimebadilisha nywila juzi," akasema kwa sauti ndogo.

Alijaribu ya kwanza, ya pili, ya tatu, simu ikamfungia ikimtaka asubiri. Tukasubiri tukiwa tumesimama kati ya chaja na vioo vilivyopasuka, na Mwalimu akizunguka kibandani akinong'ona wimbo wake kama mwehu mpaka nikamwambia anyamaze. Hatimaye ikafunguka. Pochi ilikuwa safi, hata sarafu moja haikubaki. Chini ya video kulikuwa na ujumbe mpya: "Asante sana Mwalimu, mbarikiwe. Mnatoa lini wimbo mwingine?"

"Zirudishe," Mwalimu akamwambia mdogo wake.

"Haziwezi kurudi, kaka. Hakuna mtu duniani anayeweza kuzirudisha." Akafikiri kidogo. "Ndio uzuri wake."

Nilimpiga na pochi yangu, ile ya ngozi, inayojulikana iliko.

Kisha akatueleza jambo ambalo angetueleza mapema tungemshukuru. Maneno hayo yote duniani yanatoka kwenye orodha moja, na wezi wa mtandaoni wanaijua kama mimi ninavyojua vifungo. Ukiwatajia ngazi, mjomba na ukungu kwa mfuatano, hawasikii wimbo. Wanasikia mlango.

Polisi tulikwenda, maana ni lazima mtu aende mahali. Askari wa kaunta alikuwa mtu mpole mwenye mafua.

"Mwizi alivunja wapi?"

"Hakuvunja," nikasema.

"Ufunguo aliupata vipi?"

"Tulimwimbia," akajibu Mwalimu.

Askari akaweka kalamu chini. Akataka kujua kama tulilazimishwa, kwa silaha au vitisho. Tukasema hapana, tuliombwa tu tuongeze wimbo watu walipopiga makofi. Akasema kwa ajili ya ushahidi ingefaa ausikie huo wimbo. Tukaimba pale kaunta, mimi, Mwalimu na Nywila, sauti tatu bila besi. Akaja mkubwa wake kutoka ofisi ya nyuma, wakaja na wengine wawili, mahabusu mmoja akaomba turudie. Yule mkubwa aliuliza kama tuna nafasi mwezi ujao, anamwoza binti yake. Kuhusu mwizi, walituahidi kutupigia simu.

Tarehe ya upasuaji ikapewa mtu mwingine. Hospitali hawapokei maelezo ya aina yetu.

Fedha zilirudi, nisiwe mwongo. Wimbo uliotuibia ndio uliokuja kututafutia: kila harusi waliutaka huohuo, na sasa tulilipwa mara mbili ya zamani. Mweka hazina nikawa mimi, na fedha nilizishona ndani ya mto nikaulalia. Wanakwaya walijituma mpaka nikawaonea huruma. Ngurumo mwenyewe aliuza mkokoteni wake na kutuletea, akasema ni deni la besi, nikashindwa hata kumtania. Lakini mto ulijaa polepole, na sikio halikusubiri mto. Kwanza Mwalimu aliacha kusikia maji yakichemka. Kisha wateja wangu mlangoni. Kisha akawa anafundisha kwa kutazama vinywa, mkono wake umelala juu ya meza ya kukatia ili apate mtikisiko, akimnyooshea kidole mtu ambaye hakukosea. Tulikuwa tunakubali makosa yasiyo yetu na kurudia.

Mto ulipotosha, tukarudi kwa daktari. Akampima kwa mashine, akampima kwa chuma kinacholia, akampima tena. Safari hii alinitazama usoni. Akaniambia mimi, kwa sababu Mwalimu hakuwa tena mtu wa kuambiwa. Mshipa umekufa. Tungekuja tarehe ile ya kwanza, alisema, ungekuwa mzima.

Tulitoka kwenye korido. Watu wamekaa kwenye mabenchi na vyeti vyao mikononi. Mwalimu alikuwa amevaa shati nililomshonea kwa ajili ya siku hiyo. Akanishika mkono, akaniuliza kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, mpaka benchi zima likageuka:

"Amesema lini?"

Nilikuwa nimebana hasira miezi yote ile, nikisema nitammwagia siku atakayoweza kuzisikia vizuri. Nikamwambia yote palepale. Nikamwambia limekufa. Nikamwambia ni wewe, na makofi yako, na mpenzi wako wa muziki mwenye adabu. Nikamwambia na mimi niliimba, tena kwa kujituma, na kwamba ningeviuza hata vyerehani vyote nirudi siku ile nisiwe na pini mdomoni. Niliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, machozi yananishuka, na mama mmoja wa benchi la karibu akainamisha kichwa.

Yeye alinitazama midomo mpaka mwisho, kwa makini, akitikisa kichwa kukubali kila jambo. Kisha akanifuta shavu kwa kidole gumba, akacheka.

"Kumbe mipango yenyewe ni mirefu hivyo," akasema. "Basi tarehe uishike wewe, mama. Mimi nitaisahau."