Mafungu Yaliyosimama

Majira ya baridi yale, Malsun aliacha majani yote ya mpunga shambani, na punje zake, ili korongo wa utosi mwekundu wapate kula, kama mpango wa hifadhi ya ndege ulivyotaka. Lakini korongo, utadhani wamelogwa, walishuka tena shambani kwa wifi yake, Bunrye.

"Kumi na mmoja!" Bunrye alipaza sauti toka ng'ambo ya tuta. "Kwako je, wifi?"

"Wangu wanakuja jioni," Malsun alijibu, roho ikimchoma.

Shamba la Bunrye lilikuwa aibu tupu, majani yametapakaa kama kitanda cha mlevi. La Malsun lilipendeza: mafungu yamefungwa na kusimamishwa kwa mistari, kama mama yake alivyomfundisha. Hata mlinzi wa ndege wa hifadhi alilisifu. Ndege wenyewe, wapi!

Na mumewe alishasema, "Wasipotua kabla ya sikukuu ya mwaka mpya, majani namuuzia mwenye ng'ombe, na shamba tunalitoa kwenye hifadhi." Zilibaki siku nne.

Malsun akachuchumaa tutani, amejifunika blanketi, akawakodolea macho korongo wa mwenzake mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo akaona. Walikula kila mahali, ila toroli la Bunrye lililosimamishwa wima walilipita mbali. Wakilikaribia, shingo juu, wanageuka.

Akayatazama mafungu yake. Mia mbili, yamesimama kama umati wa watu. Hata yeye asingetua hapo.

"Mama, nisamehe," akasema, akalipiga teke fungu la kwanza.

Bunrye akaja mbio. "Wifi! Umepata wazimu?"

"Naiga uchafu wako."

"Basi nikusaidie, mimi ndiye fundi."

"Usiguse! Wakija utasema ni wako."

Akayaangusha yote peke yake, akayatawanya mpaka viganja vikachubuka.

Asubuhi ya tatu wakatua: dume, jike na kinda lao la rangi ya kahawia. Mumewe alichungulia mlangoni, akarudi ndani kumpigia simu mwenye ng'ombe asije. Malsun alifuta machozi kwa mkono wa sweta. Kisha, haraka, akahesabu wa ng'ambo.

"Wifi!" akaita. "Wako mbona leo wanane? Umewafanya nini?"

Bunrye alikuwa amechuchumaa tutani kwake, amejifunika blanketi, akiwakodolea macho wale watatu.