Kifungo cha Pindoni

Mashine ilishushwa Jumatatu asubuhi, na adhuhuri haijaingia mtaa mzima ulikuwa umeshaipa jina: cherehani ya Wahida. Wahida ni mimi. Jina lilitoka kwa Anuar, kama yanavyotoka majina mengine yote ya kuudhi hapa mtaani, na sikuweza kumshtaki popote, maana baba yake ni mjomba wangu, na binamu kwa binamu hatuoneani haya.

Mjomba Faquir ana karakana hapa Mocímboa da Praia, upande wa barabara inayokwenda Mbau. Kazi yake hasa ni injini za mashua, na Anuar ndiye mkono wake wa kulia. Mimi nilikuwa nafagia, napanga spana, naandika jina la mwenye injini kwenye kikaratasi nakifunga kwa uzi zisije zikachanganyika. Mashine ile Mjomba aliinunua kwa maneno yangu, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Kabla ya karakana nilifanya usafi mwaka mzima kwenye kambi moja ya wakandarasi kule Palma. Katika jengo la mwisho alikuwako fundi anaitwa Raimundo, mtu wa Nampula, mchache wa maneno, anayetengeneza makasha ya magari ya baridi. Nikipiga deki kwenye jengo lile sikuwa na haraka. Lilikuwa dogo kuliko yote lakini likala muda mrefu kuliko yote, na msimamizi hakupata kujua kwa nini.

Raimundo alikuwa akiweka bati la alumini juu ya chuma. Mtu yeyote wa karakana atakwambia hivyo viwili havichomelewi pamoja: ukileta moto, alumini inayeyuka kama samli na chuma bado hakijaota jasho. Yeye hakuleta moto. Alichukua kichuma kifupi mfano wa kipande cha msumari, kina kichwa bapa cha duara. Mimi nilikiita kifungo, kwa sababu kikishakaa mahali pake kinafanana na kifungo cha shati. Alikitia kwenye mdomo wa mashine, mashine ikakizungusha mbiombio huku inakisukuma chini. Kikapekecha bati, kikapenya, kikafika kwenye chuma, na pale kikaendelea kuzunguka mpaka joto la kule kusuguana likakilainisha. Mashine ikasimama ghafla, ikakikandamiza, basi. Kichwa kimebana bati, mguu umeota ndani ya chuma. Hukuwahi hata kumaliza kupiga mwayo.

Siku kambi ilipofungwa nilikwenda kumuaga. Akafungua kopo, akanipa kifungo kimoja, akaendelea na kazi yake. Nilikifunga pindoni mwa kanga, na tangu siku hiyo kikawa kinahama nami kutoka kanga hadi kanga.

Sasa yuko Dona Eugénia, muuguzi wa kutoka Inhambane aliyeletwa huku kikazi. Ana tela la pikipiki la kubebea masanduku ya chanjo kwenda vijiji vya Mbau, fremu yake chuma, kuta zake alumini. Mjomba alilifunga kwa ribiti za kawaida zinazoletwa na wachuuzi kutoka Namoto, na barabara ya Mbau ikazilegeza zote. Akazirudishia, zikalegea tena. Mara ya pili ukuta mmoja ulidondoka njiani, na Dona Eugénia akaingia mjini ameufunga mgongoni kwa kapulana kama mtoto. Hakugomba. Alimwachia Mjomba tela, akamwambia kwa upole kwamba likilegea tena atalipeleka kwa mafundi wa Pemba, mji mkuu wa mkoa, na upole ule ulimuuma Mjomba kuliko tusi.

Jioni ile nilifungua pindo nikamwonyesha kifungo. Nikamweleza yote niliyoyaona kule kambini, na kwamba vitu vya kambi vilikuwa bado vinauzwa. Mjomba alikigeuzageuza kile kichuma, akakinusa, akakirudisha. Baada ya wiki akaenda Palma mwenyewe, akarudi na mashine na kopo moja la vifungo. Kopo moja tu. Vingine havikuwepo, wala hatujui vinapatikana wapi.

Basi Jumatatu hiyo tuliwasha jenereta, Mjomba akaweka kipande cha alumini juu ya kipande cha chuma. Watu walijaa mlangoni. Kifungo kikazunguka, kikapenya, kikatoa kamoshi, mashine ikasimama. Kichwa kimekaa vizuri, kinang'aa. Nikapumua. Anuar akakikamata kwa koleo, akavuta kidogo tu, kikatoka kama jino la mtoto.

Cha pili kikatoka. Cha tatu kikatoka hata kabla ya koleo, alipokigusa kwa kidole. Mjomba akaongeza kasi, akapunguza kasi, akabadilisha chuma, akabadilisha bati. Jumanne ikawa hivyohivyo. Waliokuwa mlangoni wakaondoka na habari zao, nami kila nilikopita nikaulizwa kama cherehani imeshashona gauni.

"Injinia wa Deki," Anuar akaniambia, "cherehani yako haina uzi."

Nikamwambia uzi upo, mshonaji ndiye hana macho. Nilisema hivyo kwa sababu utani lazima ujibiwe, lakini moyoni nilikuwa nimelowa.

Maana Mjomba alikuwa ameshatangaza kwamba Jumamosi gari la wanunuzi wa vyuma chakavu litapita, na mashine itapanda juu yake. Na mama yangu alikuwa ameshanitangazia langu: mashine ikipanda gari, na mimi nitapanda gari, nirudi Quiterajo kwa mama mdogo Awa nikapalilie mihogo, nikae mbali na karakana za watu nisije nikamtia ndugu yake hasara nyingine. Mama mdogo Awa ni mtu mwema sana, na mihogo yake ni mingi sana.

Jumatano sikufagia. Nilikaa juu ya pipa nikatazama. Mjomba hakunifukuza. Nadhani aliona nimeshaadhibika vya kutosha. Nilitazama kila kitu kwa zamu: mdomo wa mashine, mkono wa Mjomba, kifungo, bati. Yote yalikuwa kama ya Raimundo. Kitu kimoja tu hakikuwa sawa, nacho sikukiona kwa macho. Karakana ilikuwa inanukia kama mtu anakaanga mandazi. Jengo la Raimundo halikunukia hivyo hata siku moja. Lile lilikuwa na harufu nyingine, kali na tamu, ambayo niliijua lakini sikukumbuka ni ya wapi.

Nikashuka kwenye pipa.

"Mjomba, jaribu changu."

"Kuna tofauti gani? Ni ndugu mmoja na hivi."

"Hicho ni changu. Kikishindwa sina tena neno."

Nilifungua pindo. Anuar akasema labda kina baraka, kimelala na mwanamwali miaka miwili. Mjomba akakitia. Kikazunguka, kikapenya, mashine ikasimama. Hakikutoa moshi. Anuar akaja na koleo lake huku anatabasamu, akavuta. Akavuta tena. Akaweka mguu mmoja juu ya meza, halafu wa pili, mpaka akawa ananing'inia kama popo, na bati ndilo lililochanika. Kifungo kilibaki kwenye chuma, kimesimama wima na kikola kidogo cha alumini shingoni.

Anuar akashuka mezani, akajipangusa suruali, akasema ni bahati.

Mimi sikuitaka bahati, kwa sababu bahati isingejaza tela. Nilikwenda kwenye kopo, nikachukua kifungo kimoja, nikakisugua kwa dole gumba. Kiliteleza. Nikanusa kidole.

"Anuar, hivi umevifanyia nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anavaa viatu. Akasema alivitia oili, vyote, siku ileile vilipofika, akaliinamisha kopo vichuje. Kwa chumvi ya hapa kwetu, je, nilitaka avikute vimeota kutu? Na alisema kweli, kwa sababu karakana yetu inaishi kwa mafuta. Kitu chochote kinachozunguka lazima kipakwe, la sivyo bahari itakila kwa wiki moja. Anuar amefundishwa hivyo tangu hajaota ndevu, na aliyemfundisha ni Mjomba, ambaye mwenyewe alikuwa amelipaka tela zima grisi, fremu na kuta, ili lisiliwe na chumvi likingoja.

Sikucheka. Alivipaka kwa huruma yake, ili cherehani ya binamu yake isiharibike, na hilo nililiona usoni mwake kabla hajaanza kuelewa. Nilimkumbusha tu jinsi bibi yetu alivyotuonyesha kupekecha moto kwa kijiti. Je, kijiti aliwahi kukipaka mafuta? Kinachoteleza hakipati joto. Na hiki kifungo hakina moto mwingine ila ule wa kusuguana.

Anuar akanusa vidole vyake, akakubali. Ni mara ya kwanza nakumbuka.

Hapo ndipo harufu ya jengo la Raimundo ikanijia na jina lake: asetona. Kila mara kabla ya kazi alikuwa akifuta vifungo na bati kwa kitambaa cheupe chenye dawa. Nilimwona mara mia, nikadhani ni mtu wa usafi tu kama mimi. Vitambaa vile nilivitupa mwenyewe, ndoo kwa ndoo, na vilikuwa na masizi tu, havikuwa na mafuta. Nilitazama kila kitu cha yule mtu isipokuwa kile kilichokuwa kazi yangu.

Nikavuka barabara kwa Sumaia.

Sumaia ni mpambaji wa maharusi. Ana kiti kimoja, kioo kimoja, na rafu ya chupa ndogondogo. Nilimwomba asetona, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akanishika mikono akatazama kucha zangu, akaona hazina rangi wala dalili ya rangi, akataka kujua bibi harusi ni nani na kwa nini hakualikwa. Nikamwambia bibi harusi ni tela la Dona Eugénia. Alinipa chupa tatu, akafunga duka, akanifuata. Jambo kama lile hakutaka kusimuliwa.

Alhamisi nzima tulifuta. Mimi vifungo, Sumaia kuta, Anuar fremu. Kila kilichofutwa nilikitandika juu ya shuka safi mpaka harufu iishe kabisa, kwa sababu dawa ile ikikutana na joto inawaka. Anuar alitaka tuanze na kimoja tu, tuone. Nikamwambia asubiri. Akasubiri dakika tano, akaniuliza tena. Wapita njia walimuuliza kwa nini ananukia saluni, naye akawajibu kwamba anaolewa Jumamosi.

Alasiri Mjomba alitia kifungo cha kwanza kwenye fremu ya tela. Kikapenya bila moshi. Alimnyang'anya Anuar koleo akavuta mwenyewe, mara ya kwanza kwa kujaribu, mara ya pili kwa hasira, mara ya tatu kwa furaha, na kifungo hakikusogea. Akaliweka koleo chini. Akatoa simu, akaenda nje, tukamsikia anamwambia mtu wa vyuma chakavu asihangaike kupita. Aliporudi aliinua kiti chake cha chuma, kile asichokalia mtu mwingine, akakiweka mbele ya mashine.

"Kaa wewe," akaniambia. "Mimi nitashika bati."

Dona Eugénia alikuja Jumamosi. Alilizunguka tela lote akitafuta makovu ya kuchomelea, na alipoona vichwa vya duara tu, vimejipanga kama vifungo vya koti, uso ukamshuka. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha kupimapima kama hizi si ribiti zilezile. Mjomba alinitazama mimi nijibu. Nikamweleza, yeye akasikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha akaomba ruhusa ya kulipiga teke. Alilipiga teke la haja, la mtu aliyewahi kubeba ukuta mgongoni. Tela likaruka, kuta zikabaki.

Alikwenda Mbau akarudi. Akaenda tena akarudi. Pikipiki ilipasuka taa kwa mashimo, na kiti kikalegea, lakini tela lilikuwa zima.

Mama hajasema kitu kuhusu Quiterajo, ila mama mdogo Awa aliniletea mihogo, na salamu kwamba imeota magugu.

Kopo linakaribia kuisha, na Mjomba ameshampigia simu Raimundo huko Nampula kuuliza vinakopatikana vingine. Mlangoni pa karakana kuna beseni, sabuni na chupa ya Sumaia. Yeyote atakayegusa bati la cherehani lazima apite hapo kwanza, na lazima nimkague. Anuar anapita kila siku akilalamika kwamba mikono yake imekuwa laini na wavuvi wameanza kumwamkia kama bibi harusi.

Juzi alikuja Mjomba mwenyewe, katoka kufungua injini, ana haraka, mteja anasubiri. Alisimama mbele yangu akakunjua viganja vyote viwili kama mtoto anayetaka kula. Nilivigeuza. Nikatazama chini ya kucha.

"Kanawe tena, Mjomba," nikamwambia.

Akaenda.